Ramani Zote Zilikuwa za Mama Yako

Sagalla, juu ya Voi
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Mghoi,

Umeteremka kwa mama mdogo wako Mshai kumuaga, na yeye ameniahidi kwamba atakuweka huko mpaka jua lipungue. Akikupikia mara mbili usishangae. Ni mimi niliyemwomba nafasi hii. Nimeketi barazani na ubao wako wa kuchorea magotini, maana mezani siwezi tena kuinama, na naandika polepole kwa sababu kifua kinanikata kila baada ya mistari michache. Ukiona wino umefifia mahali, ujue hapo nilipumzika.

Habari za nguo na chakula, na namna ya kukaa na watu wa Mombasa, amekwisha kukuambia shangazi yako Saru, tena kwa sauti ambayo hata mimi niliyelala ndani nimefundishika. Sina la kuongeza. Ninalo jambo moja, na nimelikalia tangu hujajua kusema.

Watu wakikuuliza umejifunza wapi kuchora nyumba, husema umerithi kwa baba. Ulimwambia hivyo yule Bibi wa Kizungu aliyekuja kukuajiri, ukanionyesha kwa kidole, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Si kweli, Mghoi. Sijawahi kuchora nyumba iliyotoka kichwani mwangu ikasimama. Zilizosimama zote zilikuwa za mama yako. Iliyoanguka ndiyo yangu.

Nimekwisha kuliandika. Nilidhani nikiliandika kifua kitapungua uzito, lakini kiko vilevile.

Unajua kwamba nilizaliwa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na kwamba mwaka wa njaa nilichukuliwa nikiwa mtoto nikapelekwa pwani, nikasomeshwa na wamisheni. Huko nilijifunza Kiingereza na hesabu, na namna ya kushika rula na kalamu ya wino. Nilipowarudia watu wangu nilikuwa mtu mzima mwenye viatu. Misheni ndogo ilikuwa imefunguliwa ubavuni mwa Kasigau, ile ambayo siku hizi imefungwa, na Padre wake alihitaji mtu wa kuandika na kupima. Nikawa mimi. Huko ndiko nilikomwoa mama yako, Wakesho. Hakujua herufi hata moja, na mimi nilidhani hilo lina maana kubwa.

Kuna kitu ambacho wewe hukukikuta. Nyumba za kwetu hazikuwa na mchoraji. Wanaume walikata miti na kuisimamisha, wanawake wakakata nyasi na kuzibeba, wakakanda udongo na kukandika kuta. Lakini kabla mti wa kwanza haujachimbiwa shimo, mwanamke ambaye angepika humo alitembea pale mahali akasema: mlango hapa, jiko pale, na huku msiguse. Hakuna mwanamume aliyebishana naye, maana moshi ungemwingia yeye machoni, na maji yangemkuta yeye ndani akiwa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeliita jambo hilo kazi. Halikuwa na jina. Kisha sisi tuliosoma tukaja na karatasi, na karatasi ilishikwa na wanaume kwa sababu wanaume ndio waliofundishwa kuishika. Nyumba ikaanza kuamuliwa mezani, na mwanamke akaachiwa udongo peke yake. Nililiona likitokea mbele ya macho yangu, na nilikuwa miongoni mwa waliolileta.

Padre alitaka shule, akaniambia niichore. Nilikaa siku tatu nikatoa kitu mfano wa sanduku lenye madirisha. Nikampelekea mama yako kwa kujigamba. Aliigeuza karatasi juu chini, akaigeuza tena.

"Watoto wataingilia wapi?"

"Hapa. Huoni? Huu ndio mlango."

"Huo? Wakiufungua, upepo wa mlimani utawapiga kifuani. Na maji je?"

"Maji gani?"

"Mwalimu," akasema, maana aliniita hivyo alipotaka kunichokoza, "wewe ulizaliwa hapa au uliokotwa?" Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akaingia jikoni, akarudi na jivu ndani ya kifuu, akachora sakafuni.

Nyumba yake iliupa mlima upande mwembamba, ili maji ya mvua yakishuka yagawanyike na kupita pande zote mbili. Msingi wake ulikuwa wa mawe mpaka usawa wa goti, na paa lilitokeza nje kiasi cha mkono mzima ili mvua isiuguse ukuta. Mlango aliuweka ubavuni, ambako upepo haufiki. Stoo ya mahindi akaitenga mbali. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Tembo wanapita wapi? Waulize wao kwanza, ndipo uweke mahindi."

Niliipima michoro ile ya jivu kwa hatua, nikainakili kwa wino. Chini nikaandika jina langu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, kwamba ramani huandikwa jina. Haikunijia hata kidogo kwamba kulikuwa na jina jingine la kuandika. Hilo nakuapia, ingawa kiapo changu kwako leo hakina thamani kubwa.

Padre aliishika karatasi ile akaitazama kwa muda mrefu. "Yohana," akasema, "haya mambo ya maji umeyajulia wapi?"

Alikuwa mtu mpole. Ningemwambia, angecheka, pengine angetaka kumwona. Nikasema, "Nimewaza tu, Bwana."

Shule ile imesimama mpaka leo. Wakati wa vita, Waingereza walipowahamisha watu wa Kasigau, kisha Wajerumani wakaukalia mlima, askari wao walilala humo ndani. Milango waliichoma kupikia, lakini kuta tulizikuta hazina hata ufa.

Basi sifa zikanianza. Padre alinipa sanduku la vyombo vya kuchorea, lile unalolijua, ambalo umekwisha kulifungia kwenye mzigo wako. Niliitwa hata upande wa Mwatate, nyumba ya mwalimu hapa, duka la mfanyabiashara pale. Kila mara niliomba siku mbili za kufikiri, nikarudi nyumbani, nikamweleza mama yako mahali penyewe palivyo. Yeye aliuliza maswali. Mwezi wa baridi jua linaingilia upande gani? Wanawake wanateka maji wapi, na wakirudi na mitungi watapita mlango upi? Nisipojua jibu, alinirudisha nikaangalie. Nikirudi na jibu, jivu lilitoka jikoni.

Wenzake waliokuwa wakibeba nyasi walijua. Nikipita na rula kwapani walisema kwa sauti ili nisikie, "Mpisheni mwenye nyumba! Huyo ndiye aliyemfundisha Wakesho jiko likae wapi!" Wote wakacheka, na mama yako akacheka nao, na mimi nikacheka. Katika miaka ile lilikuwa jambo la kuchekesha. Tulikuwa na furaha, Mghoi. Sitaki udhani kwamba tangu mwanzo nyumba yetu ilikuwa na kimya hiki ulichokikuta wewe.

Hapa nimelala kidogo. Jua limehama kutoka miguuni mwangu.

Wewe ulikuwa umeanza kutembea Padre alipotaka bweni la wasichana. Lilikuwa jengo kubwa kuliko yote, na wageni wa kutoka pwani walikuwa wanakuja kuliona. Akasema angependa baraza lake refu lielekee barabara, ili mtu akitokea Voi alione lote kwa mara moja. Mama yako alikuwa amekwisha kulichora kwa jivu, upande mwembamba mlimani, kama kawaida yake. Mimi nikaligeuza. Nilitaka kumfurahisha Padre, hilo ni kweli, lakini ndani yake kulikuwa na jingine. Nilikuwa nimesifiwa miaka mitano kwa akili isiyo yangu, nikataka walau mara moja nisifiwe kwa yangu.

Mama yako alikuja na wenzake kukanda udongo, akaona msingi, akaniita pembeni.

"Baba Mghoi, mbona ukuta mrefu ndio umeupa mlima?"

"Padre anataka baraza lionekane."

"Na maji umeyauliza yanataka nini?"

"Tutachimba mfereji nyuma."

"Mfereji wa kuyazuia maji ya Kasigau? Wewe?"

"Wakesho, udongo ni wako. Karatasi niachie mimi."

Alinitazama, akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya," akasema. "Sisi tutakanda."

Wakakanda. Walikanda vizuri kuliko siku zote, kwa sababu alijua ukuta ule utahitaji nguvu. Aliwafanya wakanyage udongo wa matofali mara mbili, wakachanganya nyasi zilizokatwa ndogo ndogo, na aliyelegea alipigiwa kelele. Mimi niliyaona yote hayo kwa macho yangu. Likumbuke hilo utakaposoma linalofuata.

Mvua ilikuja mchana. Mfereji wangu ulijaa kabla watu hawajamaliza kukimbilia ndani, na maji yakasimama nyuma ya ukuta mrefu kama ng'ombe mlangoni. Matofali yalikuwa mabichi, ya kukaushwa kwa jua tu. Wanawake walikuwa upande wa ndani wakikandika. Ukuta ulijipinda kwanza, wakapiga kelele, wengi wakatoka. Mshai alikuwa juu ya jukwaa la miti. Alikuwa msichana kama wewe ulivyo sasa. Mguu wake unaujua.

Padre alifika amelowa, kofia mkononi. Watu walikuwa wamesimama duara. Mama yako alikuwa amekaa chini kwenye matope, amekipakata kichwa cha mdogo wake.

"Yohana," Padre akasema mbele ya wote, "limeangushwa na nini?"

Nikasema, "Ni udongo, Bwana. Haukukandwa vizuri."

"Nani alisimamia udongo?"

Nikanyamaza. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mke wake."

Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo, kwamba jina lake sikulitaja mimi. Unaona jinsi mtu mwenye elimu anavyoweza kukatisha maneno mahali panapomfaa. Mama yako alinyanyua macho mara moja akanitazama, kisha akaendelea kutoa matope puani mwa Mshai kwa kidole chake kidogo.

Baada ya hapo Padre aliamua kwamba wanawake wasishike tena kazi ya ujenzi wa misheni. Wakaletwa mafundi kutoka pwani. Wale wenzake waliokuwa wakinitania njiani walirudi mashambani, na hakuna aliyenitania tena. Mama yako hakukanda udongo wa mtu mwingine maisha yake yote. Miezi michache baadaye niliombwa ramani ya nyumba nyingine, nikamwendea kama zamani, nikamweleza mahali palivyo. Alikuwa akipepeta mtama. Akauweka ungo chini.

"Mwambie Padre aje aniulize mwenyewe," akasema.

Sikumwambia. Nikachora peke yangu, na Padre akaitazama ramani ile, akanitazama mimi, akaikunja, na hakuniomba nyingine. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu kazi yake, nikabaki na karatasi na wino na sina wa kumuuliza. Vita vilipokwisha tukahamia huku, nikawa karani wa stoo hapo stesheni. Umekua ukiamini kwamba vita ndivyo vilivyoniharibia kazi ya kuchora. Nilikuacha uamini.

Sasa nafika kwako.

Ulikuwa na miaka kama kumi uliporudi nyumbani unalia, kwa sababu watoto wa watu wa Kasigau walikuambia mama yako alikanda udongo ukamvunja mdogo wake mguu. Ulisimama mbele yake, ukamuuliza, "Mama, kwa nini hukukanda vizuri?" Mimi nilikuwa mezani na kitabu. Mama yako alinitazama. Alinipa muda, Mghoi. Muda wa kutosha kabisa. Nikafungua ukurasa mwingine. Ndipo akakuambia, "Siku ile mvua ilikuwa nyingi."

Tangu siku hiyo ulikuwa ukileta kibao chako cha shule kwangu, na ukichora hukukaa karibu naye. Hakukulaumu. Alikuwa akija mlangoni na kitu cha kufanya mkononi, akakaa pale akakuangalia kwa mbali. Siku moja ulichora nyumba ukaiacha, ukaenda kuteka maji. Alikuja, akalowesha kidole kwa mate, akafuta mlango wako, akauchora upande wa pili kwa kipande chako cha chaki. Akatoka. Uliporudi ukaruka kwa furaha. "Ahsante, baba! Hapo mlango umekaa vizuri zaidi." Nikasema, "Haya, endelea." Yeye alikuwa nje akipasua kuni, na alisikia.

Aliniuliza mara tatu katika maisha yake, "Utamwambia lini?" Mara ya mwisho ilikuwa kwenye ugonjwa wake ule, mwaka juzi. Nilimjibu kwamba nitakuambia ukiwa mkubwa. Akaniita kwa jina langu la kwetu: "Ameshakuwa mkubwa, Mwakio. Wewe ndiye unayengoja kukua." Hakukasirika. Alikuwa amechoka, kama mimi nilivyo leo, na sasa naelewa uchovu ule ulitoka wapi.

Usidhani nimepata ujasiri wangu mwenyewe. Wiki iliyopita Mshai alipanda mlima huu kwa mguu ule, akakaa hapa barazani bila hata kuomba maji.

"Shemeji," akasema, "mtoto anaondoka."

"Najua."

"Anaondoka akidhani dada yangu ndiye aliyenifanya kiwete."

"Mshai, unaona hali yangu. Naweza kufa wakati wowote."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Wewe kufa huogopi, shemeji, nakujua. Unaogopa kusemwa. Usipomwambia mpaka siku ya kuondoka, nitamwambia mimi, tena hapo stesheni, kwa sauti yangu hii, na wauza maandazi wote wasikie."

Nikacheka, nikakohoa mpaka akanishika mgongo. Basi ndiyo barua hii. Jumapili mambo haya yatasomwa kanisani pia. Nimekwisha kumpa mzee wa kanisa karatasi fupi yenye jina la mama yako na majengo aliyoyachora, na neno langu la siku ile jinsi nilivyolisema. Nikiwa na pumzi nitaisoma mwenyewe.

Ningependa kuishia hapa, lakini kuna la pili, na hili ni bichi. Nimelifanya Jumanne.

Unamkumbuka yule Bibi alivyoingia shuleni unakofundisha kujikinga jua, siku yeye na kaka yake walipokuja kupima kiwanja hapo Voi. Wewe mwenyewe ulinisimulia, ukimwigiza, jinsi alivyosimama mbele ya ukuta uliouchora kwa makaa. "Nani nachora hii? Nani?" Na ulipomuuliza kama kwao wanawake huchora nyumba, akavuta kiti. "Mimi nasoma miaka mingi. Mimi nafaulu mtihani, sawa na wanaume. Halafu wanaume nasema: vizuri sana, Bibi, sasa chora jiko. Chora chumba ya watoto." Ulisema alicheka alipokuambia kwamba hata huko Mombasa yeye ndiye anayechora na kaka yake ndiye anayetia jina. Ulidhani ni mzaha. Mimi niliposikia nilitoka nje, nikasema nataka hewa.

Jumanne alileta karatasi ya kazi yako. Imeandikwa kwa Kiingereza, na wewe hukijui, kwa hiyo nilikusomea mimi. Nilikusomea, "Mghoi binti Yohana, msaidizi wa mchoraji wa majengo." Ulipiga makofi, ukatoka mbio kumwambia Saru.

Karatasi haisemi hivyo. Inasema mtumishi wa nyumbani.

Nilikuwa nimekwisha kumuuliza Bibi, kwa Kiingereza ili wewe usielewe. Alisema ofisi ya kaka yake haiwezi kuandika kwamba msichana wa hapa anachora, watu watacheka, wateja watakimbia. "Ni karatasi tu," akasema. "Mezani atachora. Mimi nitajua." Aliona haya, Mghoi, masikio yalimwiva. Si mtu mbaya. Nilimtambua, kwa maana nami nilikuwa hivyo, mtu asiye mbaya aliyeshika kalamu. Nilipaswa kumwambia neno. Badala yake nikageuka, nikakusomea uongo, kwa kuwa nilitaka ufurahi, na furaha hiyo uipate kwangu. Umri huu wote, na mama yako kaburini, na bado nilifanya jambo lilelile.

Kwa hiyo sina haki ya kukushauri. Nakuambia tu nilichokiona. Nilipoandika jina langu chini ya ile ramani ya kwanza, nilidhani ni karatasi tu. Hakuna siku iliyokuja baadaye ambayo ilikuwa rahisi kulisahihisha kuliko siku ile. Kila sifa iliyoongezeka ilifanya ukweli uwe mgumu kutamka, na mwisho ilibidi mtu mwingine abebe ukuta wangu. Yule Bibi ana mengi ya kukufundisha, na nadhani anakupenda kweli. Vilevile siku nyumba itakapoanguka, au siku itakapopewa sifa, watu hawataiuliza meza uliyochorea. Watafungua karatasi.

Karatasi yenyewe nimeikunja humu ndani ya barua. Mpe mwalimu wako mkuu akusomee kesho asubuhi, usiniamini mimi. Bibi atakuwa stesheni tangu asubuhi, na garimoshi halifiki mpaka jioni. Mahali pa sahihi ya mzazi pako wazi. Jumanne nilisema wino umekauka, na huo nao ulikuwa uongo, ila nashukuru niliusema. Unaweza kumtaka aandike kazi yako ilivyo. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Unaweza kwenda hivyo hivyo, ukijua unakwenda kama nani, na ukaanza kupigana ukiwa ndani. Unaweza kugeuka ukarudi kwa watoto wako wa shule. Sijui lipi ni jema. Mama yako angejua, na angeanza kwa kukuuliza maswali.

Utakapokuwa umesoma mpaka hapa sitakuuliza kama umenisamehe. Ukitaka kulala kwa Mshai leo, lala. Atafurahi, na ana mengi ya kukusimulia juu ya Wakesho ambayo mimi sikustahili kuyasikia. Nitakuwa macho. Kesho kabla ya garimoshi niletee karatasi ikiwa imeandikwa utakavyo wewe, nami nitatia sahihi chini yake, na juu ya sahihi hiyo sitaongeza neno.

Ni mimi baba yako,
Yohana Mwakio,
aliyenakili.